KAMERA INAYODAI UTULIVU

Katika nyumba nyingi za askari, ziwe za kambini au za kijijini, ipo picha moja isiyoguswa ovyo. Aghalabu hufungwa katika kitambaa na kuwekwa chini kabisa ya sanduku la bati, pamoja na vyeti vya shule na medali iliyopoteza utepe wake. Hutolewa siku za msiba na siku za harusi, ikapitishwa mkono kwa mkono, kisha ikarudishwa mahali pake. Na kila inapotolewa hupungua kidogo: alama ya kidole hapa, mkunjo pale, unyevu ukiila pembeni.

Katika nyumba ya sajini mmoja wa polisi nchini Uganda, picha hiyo ina upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 20. Inaonyesha kombania ya askari wa King's African Rifles, karibu watu mia moja, waliopangwa katika mistari minne. Miongoni mwao yumo babu yake sajini, mzaa mama. Alikuwa mmoja wa askari waliovuka bahari pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakakaa Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, na mwaka 1944 wakapigana na Wajapani katika bonde la Kabaw huko Burma, ambayo leo huitwa Myanmar. Alirudi salama, akamzaa binti mmoja, akafariki dunia binti huyo angali ananyonya.

Binti huyo ndiye mama yake sajini. Sasa amekaribia miaka themanini, wala hajapata kuujua uso wa baba yake.

Kushoto kwa nani?

Marehemu mama yake alimwachia maneno mawili tu. La kwanza: "Baba yako yuko mstari wa tatu, ni wa sita kutoka kushoto." La pili: ncha ya sikio lake moja ilikuwa imekatika tangu utotoni. Maandishi ya wino yaliyokuwa nyuma ya picha yaliliwa na unyevu zamani.

Maneno hayo yangetosha, kama si swali moja dogo: kushoto kwa nani? Bibi alihesabu kutoka kushoto kwake yeye anayeitazama picha. Mwanawe, kwa mazoea ya gwaride, alishikilia kwamba kushoto ni kushoto kwa askari mwenyewe. Kwa hiyo walikuwapo watu wawili, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na kwa miaka mingi kila mmoja katika nyumba hiyo alikuwa na babu yake.

Kutazama kwa macho hakukusaidia. Kila uso katika picha hiyo una urefu wa milimita nne hivi, sawa na kipande cha mchele. Ilipigwa picha kwa simu, ikakuzwa. Badala ya sikio ikaonekana miraba ya kijivu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mpwa wake sajini, kijana anayepiga picha za harusi mjini Kampala, alipofika likizoni na kamera yake ya Sony Alpha 7R IV, mojawapo ya kamera zisizo na kioo ndani. Kijana aliichukua picha kwa kuishika kingoni, akaitazama kwa muda, akasema, "Mjomba, hii yafaa kupigwa mara kumi na sita."

Gwaride la nukta

Ili kuyaelewa maneno ya kijana huyo, hapana budi kuingia kidogo ndani ya kamera. Kamera nyingi za zamani za mafundi zilikuwa na kioo kilichoruka juu kila picha ilipopigwa. Katika kamera za siku hizi zisizo na kioo, mwanga hupita katika lenzi na kuangukia moja kwa moja juu ya kibamba kidogo kiitwacho kihisi, ambacho kimechukua nafasi ya filamu. Juu ya kihisi vimepangwa vituo vidogo sana vya kupokea mwanga, navyo huitwa pikseli. Katika kamera hiyo, iliyotoka mwaka 2019, vimo vituo milioni 61, na kila kimoja kina upana wa mikroni 3.76, yaani pungufu ya sehemu nne za elfu moja za milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi.

Vituo hivyo havijui rangi. Hujua tu kama mwanga ni mwingi au ni mchache. Ili rangi ipatikane, kila kituo hufunikwa kwa kichujio cha rangi moja: nusu ya vituo huvikwa kijani, robo nyekundu na robo buluu. Mpango huu ulibuniwa na Bryce Bayer, mtaalamu wa kampuni ya Kodak ya Marekani, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1976, nao bado unatumika katika kamera nyingi duniani.

Mpango huo una kasoro yake. Kituo chenye kichujio chekundu hakikuona kijani wala buluu, kwa hiyo kamera hukisia rangi hizo mbili kwa kuwauliza majirani. Mara nyingi hukisia vizuri. Lakini penye nyuzi nyembamba za nguo, herufi ndogo au nywele, makisio hukosea, na picha huonyesha mistari au rangi ambazo hazikuwapo.

Sasa na ifikiriwe kikosi cha askari walio gwarideni, kila mmoja amevaa miwani ya rangi moja. Askari mwenye miwani nyekundu anaona wekundu wa mahali anapotazama, basi. Ofisa akiamuru kikosi kizima kisogee hatua moja kulia, mahali pale pale patatazamwa na mwenye miwani nyingine. Wakisogea tena hatua moja nyuma, kisha hatua moja kushoto, kila mahali patakuwa pametazamwa mara nne: mara moja kwa nyekundu, mara moja kwa buluu na mara mbili kwa kijani. Hapo hakuna tena haja ya kukisia.

Hiyo ndiyo kazi ya kusogeza pikseli. Kihisi cha kamera hizi hakikufungwa kwa kukazwa. Hushikiliwa na sumaku ili kiweze kucheza kidogo na kuufuta mtikisiko wa mkono wa mpiga picha. Mafundi waliona kwamba kitu kinachoweza kusogea ili kupinga mkono kinaweza pia kusogea kwa amri. Kamera hupiga picha ya kwanza, husogeza kihisi kwa upana wa pikseli moja, hupiga tena, na kuendelea hivyo mpaka zitimie nne.

Picha nne husafisha rangi, lakini haziongezi idadi ya nukta. Kwa anayetaka nukta zaidi, ipo njia ya picha kumi na sita: mizunguko minne ya picha nne nne, kila mzunguko ukianzia nusu hatua kando ya uliotangulia, ili na nafasi zilizo kati ya vituo zitazamwe. Picha hizo zikiunganishwa hutoa moja yenye nukta milioni 240 hivi, yaani 19,008 kwa 12,672.

Sony si peke yao. Olympus walitoa kamera ya OM-D E-M5 Mark II mwaka 2015, iliyounganisha picha nane kuwa moja ya nukta milioni 40. Kamera ya Fujifilm GFX100 iliongezewa uwezo huo mwaka 2020, ikafikia nukta milioni 400. Nikon Zf ya mwaka 2023 huweza kupiga mpaka picha 32 kwa kazi moja.

Kwa picha ya akina Bibi, hesabu ilikuwa hivi. Picha moja ya kawaida ingeipa kila sentimita nukta 317, na uso wa milimita nne ungepata nukta 127 za urefu. Kwa njia ya kumi na sita, sentimita moja ingepata nukta 634, na uso ungepata zaidi ya 250. Kwa sikio lililokatika ncha, tofauti hiyo si ndogo.

Jaribio la kwanza

Jaribio lilifanywa Jumamosi jioni, baada ya chakula. Picha ililazwa mezani, kamera ikafungwa juu ya stendi ya miguu mitatu na kuinamishwa, taa ya tyubu ikawashwa. Watoto waliambiwa wasikaribie. Wakatii kwa dakika moja. Jirani alikuwa amewasha jenereta ukutani kwa pili. Kamera ilifanya kazi yake, kijana akaziunganisha picha katika kompyuta, na nyumba nzima ikakusanyika.

Nyuso zilikuwa na kingo mbilimbili, kama kanga iliyochapwa na rangi zikapishana. Katika makunjo ya magwanda mlijaa vimiraba vidogo vidogo, kama wavu. Picha kumi na sita zimetoka mbaya kuliko moja.

"Basi kamera yako imechoka, mjukuu wangu," Bibi akasema.

"La, Bibi. Kamera haikukosa. Sisi ndio hatukutulia."

Mipaka yake

Jibu hilo lina ukweli mwingi kuliko linavyosikika. Kamera inayosogeza kihisi chake kwa nusu ya pikseli inadai kwamba kitu kingine chochote kisisogee hata kwa kiasi hicho. Katika kazi ile, nusu ya pikseli ilikuwa sawa na mikroni 16 juu ya karatasi yenyewe, yaani pungufu ya robo ya unene wa unywele. Hatua ya mtoto juu ya sakafu ya mbao, lori lipitalo barabarani, mtetemo wa jenereta, karatasi ya zamani inayojikunja polepole kwa joto la taa: kila kimoja kwatosha kuiharibu kazi.

Kwa sababu hiyo, njia hii haifai kabisa kwa gwaride lenyewe, wala kwa mtoto, wala kwa bendera ipepeayo, wala kwa mti penye upepo. Watengenezaji wamejitahidi kuipunguza shida hiyo. Panasonic S1R ya mwaka 2019 ina mpango wa kuitambua sehemu iliyosogea na kuichukua katika picha moja tu. Lakini sehemu hiyo hurudi katika ubora wa kawaida. Programu iliyotoka pamoja na Sony Alpha 7R V ya mwaka 2022 husahihisha mwendo mdogo, kama wa majani. Olympus E-M1X ya mwaka 2019 huweza hata kushikwa mkononi, ikitumia mtikisiko wa mkono mahali pa kusogeza kwa amri. Nayo hutoa nukta milioni 50, badala ya milioni 80 zipatikanazo juu ya stendi. Yote hayo ni msaada, si muujiza.

Mpaka wa pili ni mwanga. Picha zote kumi na sita hazina budi kupata mwanga ulio sawa. Wingu likipita juu ya jua katikati ya kazi, baadhi zitakuwa na giza kuliko nyingine. Taa za tyubu za namna ya zamani, kwa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, hupepesa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, bali kamera yaweza kuona, ikaweka michirizi ya giza na mwanga.

Mpaka wa tatu ni lenzi. Lenzi isiyo kali haitakuwa kali kwa kupigiwa mara kumi na sita. Udhaifu wake utaonekana zaidi. Tena, wapiga picha wengi wamezoea kulibana tundu la lenzi ili kila kitu kionekane vizuri. Hapa mazoea hayo hudhuru. Tundu likibanwa mpaka namba 16, mwanga wa nukta moja husambaa juu ya upana wa pikseli tano hivi, na faida ya kusogea kwa nusu pikseli hupotea. Afadhali kubaki kwenye namba 5.6 au karibu yake.

Mpaka wa nne ni mzigo wa kazi. Picha moja isiyobanwa ya kamera hiyo huchukua megabaiti 120 hivi. Kumi na sita hukaribia gigabaiti mbili. Kamera hiyo haiziunganishi yenyewe. Lazima ipatikane kompyuta yenye nguvu, muda, na umeme usiokatika.

Mpaka wa mwisho, ulio mkubwa kuliko yote, ni kwamba kamera hunakili; haiumbi. Kilichokwisha kufutika katika karatasi hakitarudishwa na nukta milioni 240.

Jumapili asubuhi

Kesho yake kazi ilipangwa upya. Picha ilibanwa juu ya ubao mnyofu kwa vibanio vilivyowekewa vipande vya karatasi safi, ili visiache alama. Ubao uliegemezwa ukutani katika chumba chenye sakafu ya saruji, karibu na mlango uliokuwa wazi upande wa kivulini. Mbingu ilikuwa na wingu moja pana lisilo na pengo, na taa zilizimwa. Jirani aliombwa azime jenereta kwa robo saa, akakubali kwa moyo mweupe. Watoto walipelekwa kanisani pamoja na mama yao.

Kijana aliingoja picha nusu saa nzima, karatasi izoee hewa ya chumba. Kisha akaiamuru kamera kutoka kompyuta bila kuigusa, akaacha sekunde mbili kati ya picha na picha, na wote waliobaki wakakaa vitini pasipo kunyanyua mguu. Ilisikika sauti ndogo, kimya, sauti tena, mpaka zikatimia kumi na sita.

Picha ilipounganishwa, vifungo vya magwanda vilihesabika. Zilionekana nyuzi zilizolegea katika pindo za kaptula, na mshono wa kiraka katika goti la mtu wa mstari wa mbele. Kijana alikwenda mstari wa tatu, kwa mtu aliyechaguliwa na Bibi, akamkuza. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye taya pana. Masikio yake yote mawili yalikuwa mazima.

Bibi hakusema neno.

Kisha akakuzwa yule wa upande wa pili. Magwanda yake yalikuwa makali, na mkanda wake, na mikono yake juu ya mapaja. Lakini uso wake ulikuwa ukungu. Siku ile, mpiga picha alipofungua lenzi na watu mia wakazuia pumzi, yeye aligeuza kichwa. Kamera ya zamani nayo ilikuwa na sheria ile ile: anayesogea hupotea.

"Hapa hatuwezi kitu, Mjomba," kijana akasema. "Hata nikipiga mara mia, ukungu huu umo katika karatasi."

Sajini alikaa kimya kidogo. Alikuwa ameshinda mabishano ya miaka mingi, lakini hakulitaja hilo mbele ya mama yake. Bibi ndiye aliyesema, akiwa bado anakitazama kioo cha kompyuta: "Mama aliniambia hakuwa mtu wa kutulia. Hata chakula alikula akitembea." Akaomba aonyeshwe ile mikono tena, akaitazama kwa muda mrefu.

Sikio halikuonekana, na asiyependa kukubali angeweza kubisha. Lakini kamera iliondoa mmoja kati ya wawili, na hilo ni jambo ambalo macho na simu vilishindwa kulifanya kwa miaka yote hiyo.

Mambo ya kushika nyumbani

Kwa jamaa za askari wenye sanduku kama lile, au wenye ndugu mwenye kamera ya aina hii, yafaa kukumbuka mambo haya:

1. Njia ya picha nyingi itumike kwa vitu visivyosogea tu: picha za zamani, vyeti, ramani, barua, medali, nguo za ukumbusho. Kwa watu na wanyama itumike picha moja.

2. Kwa picha ndogo ya ukubwa wa kiganja, si lazima kupiga kumi na sita. Nne zatosha kusafisha rangi, na aghalabu hata moja iliyopigwa vizuri yatosha. Kumi na sita zihifadhiwe kwa kitu kikubwa chenye mambo madogo.

3. Sakafu iwe imara, stendi iwe nzito, mwanga uwe wa kivulini, na feni izimwe.

4. Zile picha moja moja zisifutwe baada ya kuunganishwa. Kwa askari polisi hili ni zito zaidi: picha iliyounganishwa ni kazi ya kompyuta, na anayeulizwa juu ya kithibitisho apaswa kuwa na zile za asili.

5. Nakala zikae mahali pawili, wala zisikae katika simu peke yake.

6. Asiye na kamera ya namna hii asingoje. Picha iliyopigwa leo kwa simu, kivulini, kwa mkono ulioegemezwa, ni bora kuliko picha kamili ya mwaka ujao wakati mchwa wamekwisha kula.

7. Majina yaandikwe wazee wangali hai, kwa penseli laini na kwa wepesi, nyuma ya picha. Nukta hazitaji jina la mtu.

Kabla ya kuifungasha kamera, kijana alitaka kumpiga Bibi naye kwa njia ile ile ya kumi na sita, akiwa ameishika picha ya baba yake. Alijaribu mara moja tu. Bibi alipumua, akapepesa macho, akamwuliza mjukuu wake kama amekwisha kunywa chai. Picha ikatoka na kingo mbilimbili.

Akarudisha kamera katika njia ya kawaida, akapiga mara moja. Hiyo ndiyo iliyochapwa na kutundikwa sebuleni. Ile kubwa, ya askari mia, imerudi katika kitambaa chake. Na nyuma yake, kwa penseli, pameandikwa jina la mtu wa mstari wa tatu, wa sita kutoka kushoto, na kando yake maneno matatu: kushoto kwa askari.